Bwana Mdogo wa Chunya, baharia aliyepotea na ndege: tathmini yangu ya huduma ya bure ya kutafuta waliokufa vitani

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayenipigia: ni bure. Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wale wanaofupishwa CWGC, haikunidai hata shilingi ili nisome taarifa za marehemu wangu. Nilicholipia ni bando, karatasi za kuchapisha, na nauli ya Mbeya hadi Chunya. Tangu habari zisambae kwenye ukoo kwamba nimempata baba yake bibi, simu haitulii. Kila mtu ana mzee wake aliyekwenda vita ya Hitla asirudi, na kila mtu anataka Mwalimu amtafutie. Siwezi. Nina madarasa mawili na madaftari ya kusahihisha. Kwa hiyo naandika nilivyofanya, na nasema wazi wapi huduma hii inafaa na wapi haifiki.

Tulichokuwa nacho nyumbani ni kidogo. Bibi yangu ni chotara, Chunya nzima inajua. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na miaka ya 1930 Wazungu walimiminika huko, baadhi yao na familia zao. Baba yake bibi alikuwa mtoto wa mchimbaji. Wazee walimwita Bwana Mdogo ili kumtofautisha na baba yake, na jina lake halisi likapotea hivyohivyo, kwa heshima. Alipenda ndege. Kuanzia 1932 ndege za Imperial Airways za kwenda Cape Town zilikuwa zinatua Mbeya, na inasemekana alikuwa akishuka kutoka Chunya kuja kuzitazama tu, arudi. Vita ilipoanza akaondoka. Bibi alikuwa wa kubebwa mgongoni. Ikarudi picha moja, kisha maneno kwamba ndege imeanguka baharini. Basi.

Hiyo picha ndiyo iliyofanya kazi kuliko hadithi zote, na nawasihi mzitazame za kwenu kwa makini kabla hamjashika simu. Kijana amesimama, kofia ya duara ya baharia, utepe mweusi umeizunguka kofia, na kwenye utepe kuna H.M.S. na hakuna kitu kingine. Mjomba wangu siku zote alishikilia kwamba jina la meli limefutika kwa uzee wa picha. Halikufutika, halikuwahi kuwepo. Wakati wa vita mabaharia wa Uingereza walivaa utepe wenye herufi hizo tatu peke yake, ili mpelelezi akimkuta kilabuni asijue ni wa meli gani. Halafu kwenye mkono wa koti kuna kijindege kidogo kilichotariziwa. Baharia mwenye ndege mkononi ni mtu wa Fleet Air Arm, yaani kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza. Tangu Mei 1939 kikosi hicho kilikuwa mali ya jeshi la majini, si cha jeshi la anga (RAF) tena.

Kwa nini naikazia hii? Kwa sababu kwa wazee wetu kila ndege ya Mwingereza ilikuwa ya RAF, na sisi tumerithi hivyo. Fomu ya kutafutia ina sehemu ya kuchagua tawi la jeshi. Ukichagua jeshi la anga, mtu wa Fleet Air Arm hatokei ng'o, na utafunga kompyuta ukiamini hayumo. Chagua jeshi la majini. Hata minara yao ni tofauti: wanaanga wa jeshi la anga waliopotea wakiruka kutoka Uingereza na Ulaya ya kaskazini, zaidi ya 20,000, wameandikwa kwenye mnara wa Runnymede. Wa Fleet Air Arm wasio na kaburi linalojulikana, karibu 2,000, wako kwenye mnara wa Lee-on-Solent, pwani ya kusini ya Uingereza, uliozinduliwa 1953. Wengine wa jeshi la majini waliomezwa na bahari wako kwenye minara ya Chatham, Plymouth na Portsmouth. Ukishajua mnara, umeshapunguza kazi mno.

Sasa mtu usiyejua jina lake la ukoo unamtafutaje? Wengi wanaishia hapo, na ndipo mimi nilipoipenda hii huduma. Chini ya fomu, ukifungua utafutaji wa kina, kuna sehemu ya maelezo ya ziada. Baada ya vita ndugu wa marehemu walipelekewa fomu wajaze: mwana wa nani, mume wa nani, wa wapi. Maneno waliyojaza yameingizwa humo, na unaweza kuyatafuta. Niliacha nafasi ya jina wazi, nikachagua Vita vya Pili, nikachagua jeshi la majini, na kwenye maelezo ya ziada nikaandika neno moja: Tanganyika. Ikaja orodha fupi, ya kusomeka yote kabla chai haijapoa. Humo ndani yumo kijana wa miaka 23, mwaka 1942, mnara ni Lee-on-Solent, na wazazi wake ni "wa Chunya".

Sikushangilia. Chunya ile ilikuwa na Wazungu wengi na vijana wengi. Nilikwenda kwenye misheni alikobatizwa bibi, paroko akanifungulia kitabu cha ubatizo, akasoma mwenyewe kwa kidole bila kunikabidhi, na ana haki, karatasi zile zinamomonyoka. Jina la baba limeandikwa kwa kusikia sikio, herufi mbili zimepinda, lakini ukilitamka kwa sauti ni lilelile la kwenye tovuti. Hapo ndipo nilipompigia mama.

Ukurasa wa marehemu mmoja una nini? Jina, cheo, namba ya utumishi, tarehe ya kufa, umri, meli au kituo, mnara na namba ya ubao aliochorwa. Cheo chake kinaonyesha alikuwa mtu wa redio na bunduki, yule anayekaa nyuma kabisa. Ndege kama Swordfish na Albacore zilikuwa na mabawa mawili juu na chini, yamefunikwa kitambaa, na zilibeba watu watatu: rubani, mwongozaji njia, na huyo wa nyuma aliyepokea na kutuma ujumbe huku akilinda mkia kwa bunduki moja. Sisi miaka yote tumesimulia kwamba alikuwa rubani. Mjomba bado hajakubali.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna mwongozo ulioniambia. Nilifuta jina lake, nikabakiza tarehe ileile na mnara uleule. Wakatokea wenzake wawili, maofisa, wa kikosi kimoja naye. Watatu. Ndege nzima ilikuwa mbele yangu kwenye kioo. Mmoja ni wa Scotland, mwingine wa kijiji ambacho sijawahi kukisikia, na huyu wa Chunya. Kama unatafuta mtu wa ndege, fanya hivi lazima. Ukipata wa tarehe moja na kikosi kimoja, una majina ya watu ambao familia zao huenda zina barua au picha ambazo ninyi hamna.

Tahadhari moja kuhusu sehemu ya meli. Ukiona H.M.S. na jina, usikimbilie kutafuta picha ya meli. Jeshi la majini la Uingereza liliviita hata viwanja vyake vya nchi kavu kwa majina ya kimeli. H.M.S. Daedalus ni uwanja wa Lee-on-Solent. Na vingine vilikuwa hapahapa kwetu: H.M.S. Kilele ni uwanja wa ndege wa Tanga, H.M.S. Kipanga ni wa upande wa Mombasa, H.M.S. Korongo ni Nairobi. Rafiki yangu wa Iringa alihangaika na meli inayoitwa Korongo mpaka nikamhurumia.

Na mwaka wenyewe una maana. Mtu akisema "alikufa baharini vitani" sisi tunaona Ulaya, baridi na barafu. Lakini mwaka 1942 vita ya majini ilikuwa imetusogelea. Aprili Wajapani waliipiga Colombo, meli ya kubeba ndege Hermes ikazamishwa karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo), na sehemu kubwa ya meli za Uingereza za Bahari ya Hindi ikakimbilia Kilindini. Mei Waingereza wakaivamia Diego Suarez, Madagaska, kwa ndege zilizoruka kutoka meli za Illustrious na Indomitable, na Septemba vita vikaendelea Majunga na askari wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, wakapelekwa kisiwani humo. Tovuti haielezi mtu alikufaje. Inakupa tarehe na kikosi, na kwa hizo mbili unaenda kwingine. Shajara za vikosi vya Fleet Air Arm ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, kwenye mfululizo wa ADM 207, na makumbusho ya kikosi hicho yako Yeovilton. Majalada ya utumishi ya Vita vya Pili yalikuwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na tangu 2022 yanahamishiwa Kew kwa awamu. Huko kuna gharama za nakala, na bado sijafika. Hii ni tathmini ya kile nilichokitumia.

Nimetumia pia tovuti moja kubwa ya kulipia, ya mambo ya nasaba, ambayo siitaji. Wanakupa siku chache za kuonja, unaweka namba ya kadi, halafu siku zikiisha wanakata fedha za mwezi bila hodi. Nilichopata kwa fedha hizo? Orodha za abiria wa meli, ambazo ni nzuri, nikamwona baba yake Bwana Mdogo akija Afrika. Lakini kuhusu kifo chenyewe walinipa taarifa zilezile za bure, zimewekewa rangi na fremu. Kama ndugu yako ni Mzungu na unataka ukoo wake wa Uingereza, labda. Kama unatafuta aliyekufa vitani, usiweke kadi yako kokote kabla hujamaliza ya bure.

Sasa upande mwingine, ambao watu wa Mbeya, Njombe na Iringa wengi wenu ndio mtakaokutana nao.

Mimi nina wazee wawili waliokufa kwenye vita za Mwingereza. Huyu wa Chunya ni kwa mama. Kwa baba, babu yake baba yangu alichukuliwa Ubena kubeba mizigo wakati wa vita ya Mjerumani, na hakurudi. Tunalijua jina lake vizuri sana, tunalirithisha, ndugu yangu wa tumbo moja analo. Nililiandika kwenye fomu ileile, kwa tahajia zote ninazoweza kuzifikiria. Hayumo.

Ili mwone tofauti, jaribuni kuandika Bridgeman, jeshi la majini, 1917. Januari mwaka huo ndege ya majini ya Waingereza ilishuka kwa hitilafu ya injini kwenye vijito vya delta ya Rufiji. Ndani walikuwa rubani Edwin Moon na Kamanda Bridgeman. Waliichoma ndege isichukuliwe, wakatangatanga kwenye mikoko, Bridgeman akafia humo, Moon akatekwa na Wajerumani hadi alipoachiwa baadaye mwaka huohuo. Kamanda unampata kwa sekunde. Lakini ndege za majini za Waingereza, toka zilipoanza kuiwinda Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, mpaka ikamalizwa Julai 1915, zilihitaji uwanja uliofyekwa kule Mafia, mapipa ya mafuta yaliyobebwa, na ndege zilizovutwa kutoka majini kwa kamba. Waliofyeka, kubeba na kuvuta hawana ukurasa.

Hili silisemi kwa chuki, wala si siri. Tume yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakiri kwamba waliokufa kwenye Vita vya Kwanza kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa India, Afrika Mashariki na Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa upande wetu kuna sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya 1927, inayowakumbuka wote kwa jumla, askari na wapagazi. Kwa hiyo kama mzee wako alikuwa mpagazi wa 1914 hadi 1918, tafuta, dakika kumi hazikugharimu kitu, ila usijilaumu usipomwona. Kama alikuwa askari wa KAR wa Vita vya Pili, nafasi ni kubwa zaidi, na mara nyingi yuko kwa namba na jina moja tu. Andika jina moja kwenye nafasi ya ukoo, nyingine iache wazi.

Niseme pia nilikofanyia kazi, kwa sababu simu yangu ndogo haionyeshi ile fomu ya kina vizuri. Kuna stesheneri Uhindini, hapa Mbeya, yenye kompyuta tatu. Saa moja Sh. 1,000, kuchapisha Sh. 300 kwa ukurasa, wa rangi Sh. 1,000. Intaneti yao ni ya uhakika mchana, ila umeme ukikatika hawana jenereta, unakaa mnaangaliana. Kijana wa pale anajua kazi. Alinisalimu, akaniwekea ukurasa kwa herufi kubwa, akasoma, akaniuliza: "Shikamoo tena Mwalimu, samahani. Huyu baharia mbona amekufa kwenye ndege?" Nikamweleza. Sasa ana wateja wake wawili wanaotafuta wa kwao, na anawatoza Sh. 5,000 kwa kazi ambayo mimi nilimfundisha bure. Sawa, ndiyo biashara.

Tovuti inakuruhusu kupakua cheti cha kumbukumbu: karatasi moja yenye jina, cheo, tarehe na mnara. Kimetulia, hakina mapambo mengi. Nilichapisha cha rangi nikampelekea bibi. Yeye haoni vizuri tena, akataka nisome kila neno, nikitafsiri. Nilipofika "mwana wa fulani na fulani, wa Chunya", akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hao walikaa pale ng'ambo ya korongo. Moshi wa jiko lao tulikuwa tunauona. Na mimi wameniandika wapi?"

Nikamwambia bibi, fomu walijaza wazazi wake, na swali lilikuwa la wazazi na mke. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza alikuwa na miaka mingapi. Ishirini na tatu. "Mtoto kabisa. Hata wewe ungemchapa." Halafu akanituma niandike kwa hao wenye kompyuta kwamba aliacha binti, na binti yuko hai, na anaitwa hivi. Nimeandika, kwa fomu yao ya maulizo, nikaambatisha picha ya ukurasa wa ubatizo ambayo paroko aliniruhusu niipige. Wanaomba ushahidi ndipo wafanye mabadiliko, na naona ni haki yao, vinginevyo kila mtu angejiandikia babu.

Nyota, basi, kwa wanaopenda nyota. Kwa mtu wa Vita vya Pili, mwenye cheo na namba, hasa wa majini au wa anga: tano kati ya tano, sijaona kitu cha bure kinachoikaribia. Kwa mpagazi wa Vita vya Kwanza kutoka nyanda zetu: moja, na hiyo moja ni kwa ile ripoti. Kwa stesheneri ya Uhindini: nne, nendeni asubuhi kabla wanachuo hawajajaa na vitambulisho vyao. Tovuti ya kulipia: sitoi.

Bibi anataka nakala ya pili ya cheti, iwekwe laminesheni, kwa sababu ya kwanza wajukuu wameshaishika na mikono ya mafuta. Pale pale Uhindini ni Sh. 2,000 kwa A4, na hiyo kazi wanaifanya vizuri, haiachi mapovu.